Chembe ya Namba Themanini

Niliota usiku wa jana kwamba pipa limesimama.

Kwanza nilieleze pipa, maana bila pipa ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu. Ni kipande cha bomba nene la plastiki, kimezibwa huku na huku kwa mpira wa tairi. Kinalala juu ya vyuma viwili vinavyozungushwa na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa zamani. Unatia mawe, maji na unga wa msasa, unafunga, unawasha, unaondoka. Mawe yanasuguana usiku na mchana. Wiki ya kwanza ni unga mkali, namba themanini. Ya pili unga wa kati, ya tatu unga laini, ya nne ule unga mweupe wa kung'arishia. Kila wiki ikiisha unaosha pipa na kila jiwe mpaka maji yatoke safi ya kunywa, kwa sababu chembe moja tu ya namba themanini ikijipenyeza mpaka wiki ya nne, kazi ya mwezi mzima inakwaruzika.

Tulilitengeneza mimi na shemeji yangu Elikana, seremala, kaka wa marehemu mke wangu Nyemo. Nyumba zetu hapa Kizota, Dodoma, zinatenganishwa na ukuta mmoja tu wa uani. Mimi ni karani mstaafu wa stesheni ya reli, kwa hiyo sheria nilizitunga mimi. Sheria kubwa ilikuwa hii: kabla pipa halijafunguliwa, mmoja anauliza, "Umeosha mikono?" Mwenzake anajibu, "Mpaka kiwikoni." Pasipo jibu, pipa halifunguliwi.

Tulikuwa tunatengeneza meza. Mbao ya mninga ilikuwa ya Elikana, na juu yake tulipachika mawe moja moja, picha ya hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa uliopinda. Nyemo alimpenda ndege huyo kwa sababu, alisema, anafanana na mimi nikikagua tiketi. Alipofariki lilikuwa limebaki jicho. Jicho lingekuwa jiwe la kijani aliloliokota mwenyewe huko Haneti.

Miezi minane iliyopita jiwe hilo lilitoka wiki ya nne limekwaruzika lote, lenyewe na wenzake wote. Aliyeosha pipa alikuwa Elikana. Nikamwambia maneno. Nilimwambia amemuua dada yake mara ya pili. Halafu nikachukua tope la pipa, ambalo likikauka huwa gumu kama saruji, nikaziba tundu la ukutani tulilokuwa tukipitishiana chai.

Tangu siku hiyo nawasha pipa likiwa na vipande vya vigae tu, bila unga wowote, kwa ajili ya sauti. Nyumba ikinyamaza sana mimi silali.

Sasa ndotoni pipa limesimama. Natoka barazani kuangalia. Ni saa sita mchana, jua kali, na mimi nina kandambili na shuka. Silioni jambo hilo kuwa la ajabu.

Pipa linakohoa.

"Theluthi mbili," linasema.

"Theluthi mbili za nini?"

"Sheria yako mwenyewe hiyo. Pipa lijae theluthi mbili. Likipungua, vilivyomo vinarushwa ovyo vinapasuka. Wewe umeniwekea vigae kumi na tisa. Ina maana kuna nafasi ya mtu mmoja wa kilo sabini na mbili."

"Mimi nina sabini na tatu."

"Vua kandambili."

Nikavua. Mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini na moja hutulia moyo akipewa agizo lililonyooka. Nikatanguliza kichwa, nikaingia, na mfuniko ukafungwa nyuma yangu bila haraka.

Ndani palikuwa stesheni.

Ilikuwa stesheni yangu ileile, na saa yake ileile inayochelewa dakika sita. Ila ilikuwa imekunjwa kuwa mviringo, hivi kwamba benchi za abiria zilipanda ukutani, zikapita darini zikining'inia kichwa chini, zikarudi upande wa pili. Abiria wote walikuwa mawe. Walikaa na mabegi yao. Wa darini walikuwa wakinywa chai na chai haikumwagika.

"Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo, kwa kuwa wengi walionekana wa kwetu.

Waliitika kwa adabu, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Kila mmoja alikuwa na wa kuongea naye.

Kwenye dirisha la tiketi palikuwa na jiwe jekundu la akiki, mama mnene, amevaa sare yangu ya kazi. Niliitambua kwa kifungo cha pili kutoka juu, ambacho hakipo. Nyemo alikuwa akisema atakishona, halafu hakuwahi.

"Jina?"

"Chiwanga."

"Ugumu?"

"Sijui, mama."

Akachukua msumari akanichora mkononi. Mstari ukabaki. Akaandika: laini. Akanichora kifuani. Msumari ukapinda.

Akauangalia ule msumari kwa muda, kama mtu aliyeletewa fomu isiyo na mhuri.

"Nje laini, ndani mgumu," akasema. "Hapa kuna tatizo. Sheria inataka wa ugumu mmoja wasafiri pamoja, la sivyo mgumu anammaliza mlaini. Kwa kitabu hiki, wewe huna wa kusafiri naye."

"Naweza kusafiri peke yangu?"

"Unaweza. Ila hutang'aa. Anayeng'arisha jiwe ni jiwe lingine. La peke yake linagongagonga ukuta tu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Gonga ukuta," akasema, akanionyesha mahali.

Nikaenda nikagonga ukuta. Ninagonga kwa bega, polepole, kwa mpangilio. Mtoto wa jiwe, mweupe, ananitazama, na mama yake anamgeuza shingo kwamba si adabu kumkodolea mtu macho. Hilo liliniuma kuliko bega. Nilitamani mtu yeyote aje aniambie naugonga vibaya.

Stesheni ikaanza kuzunguka. Benchi zikapanda, zikashuka. Ndipo akaja mkaguzi wa tiketi, akitembea katikati ya behewa, maana sasa palikuwa behewa. Alikuwa hondohondo wangu wa mezani. Mdomo wake wa jiwe la njano la yaspi, mgongo wa mawe meusi mia moja na arobaini, kila moja nililikata mimi na akalipachika Elikana. Mahali pa jicho palikuwa na shimo, na ndani ya shimo nikaona mbao ya mninga.

"Tiketi," akasema.

Nikampa. Akaishika karibu na shimo, akaigeuza.

"Nisomee. Miezi minane nangoja jicho."

Nikaisoma. Iliandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini: Kutoka Wiki ya Nne. Kwenda Wiki ya Tatu.

"Hii imekosewa," nikasema. "Hakuna treni inayorudi nyuma."

"Ipo kila siku. Kila jiwe lililokwaruzika hurudishwa wiki moja, likasuguliwa tena, likaendelea na safari. Unajua hivyo. Umeandika kwenye daftari lako, ukurasa wa kwanza, umepigia mstari."

"Najua."

"Sasa mbona jicho langu limelala miezi minane kwenye kopo la maziwa?"

 Kurudisha jiwe wiki ya tatu ni kazi ya watu wawili, mmoja anaosha na mwingine anakagua, lakini sikutaka kumwambia ndege jambo hilo.

Akakaa kwenye benchi. Nafasi yote ilikuwa wazi upande wangu.

"Jike la kwetu," akasema, "likitaka kulalia mayai huingia shimoni mwa mti na kuziba mlango kwa tope. Watu hushangaa, wakasema ndege huyu amejifunga jela. Lakini huacha ufa. Mwembamba, wa kupita ncha ya mdomo. Dume huleta chakula, hulisha kupitia hapo miezi yote." Akanigeuzia lile shimo la jicho. "Ule ukuta wako nimeukagua. Hata ufa hukuacha."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira nayo hula, bwana. Nani alikuwa anakuletea chakula?"

Nikataka kujibu kwamba najipikia. Nilifungua mdomo, nikawa jikoni kwangu.

Hakuna aliyenisafirisha. Nilikuwa jikoni tu, nimekaa, na mbele yangu mezani lilikuwa jiwe la kijani, na mikwaruzo yake yote. Lilikuwa na ukubwa wa harage. Nilijua kwamba lingeongea na niliogopa lingeongea kwa sauti ya nani.

"Mimi si Nyemo," likasema mara moja. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu wa ofisini. "Nakwambia mapema tusipotezeane muda."

"Sikusema kuwa wewe ndiye."

"Ulishaanza kulia."

Ilikuwa kweli. Nikajifuta kwa shuka.

"Unamkumbuka?" nikauliza.

"Namkumbuka mfuko wake wa sketi. Tulikuwa humo mimi, ufunguo, na pipi mbili za kikohozi. Njia nzima kutoka Haneti alikuwa ananigeuzageuza kwa vidole. Mkono wake ulikuwa na joto upande wa kulia zaidi."

"Alisema chochote?"

"Alisema, 'Hili nitampa yule mzee wangu, atajifanya halimpendezi, halafu atalificha.'"

Nililificha kweli, wiki mbili, ndani ya soksi. Sijawahi kumwambia mtu. Nimemkumbuka mke wangu mchana na usiku kwa miaka miwili na nusu, lakini sidhani kama nimewahi kumkumbuka kama nilivyomkumbuka pale, mbele ya kitu chenye ukubwa wa harage kilichokuwa kimekaa naye mfukoni.

"Nisamehe kwa alivyokufanya Elikana," nikasema.

 Jiwe likaita kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita jina foleni ya hospitali: "Shahidi!"

Shahidi alikuwa mdogo mno. Ilibidi nivae miwani, na hata hivyo nilimwona tu pale mwanga ulipompata pembeni. Alikuwa chembe ya unga wa msasa, mweusi, ncha tatu. Alisimama juu ya kifuniko cha chumvi ili aonekane.

"Taja jina," jiwe likasema.

"Namba themanini."

"Unahusikaje na wiki ya nne?"

"Mimi ndiye niliyekwaruza," chembe akasema. Hakuonekana kuona haya. "Kazi yangu ni kukwaruza. Nilijikuta mahali penye mawe, nikafanya kazi yangu."

"Uliingia vipi? Elikana hakukuosha?"

"Elikana? Yule aliosha pipa mara saba. Maji ya mwisho aliyaonja. Ndani ya pipa hakubaki hata mmoja wetu, tuliondoka wote na maji ya bomba. Isipokuwa mimi, ambaye siku ile sikuwa ndani ya pipa."

"Ulikuwa wapi?"

Chembe akanigeukia. Sijui chembe hugeuka vipi, lakini aligeuka.

"Kwenye kidole gumba cha huyu. Kidole gumba kina mitaro. Mimi nilikuwa nimelala mtaro wa nne kutoka juu. Ilikuwa siku ya pili ya wiki ya nne, jioni. Fundi Elikana alikwenda mazoezi ya kwaya. Huyu alikuwa ametoka kupima unga mkali kwa ajili ya mawe mengine. Akapita karibu na pipa. Akalizima. Akalifungua."

"Alisema neno lolote?"

"Hakuna aliyemuuliza kama ameosha mikono, kwa sababu alikuwa peke yake. Akatia mkono, akatoa jiwe la kijani, akaliangalia dirishani. Mimi nikaruka. Akalirudisha, akafunga, akawasha."

 Friji ikazima.

"Nilitaka kuliona tu," nikasema. "Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Nilitaka kumwona."

Hakuna aliyenikatalia. Na hapo nikajua jambo baya, nikiwa bado ndotoni: kwamba sikuwa naambiwa habari mpya. Nilijua. Tangu siku mawe yalipotoka, Elikana amesimama na beseni mkononi, uso umemshuka, nilijua ni nani aliyefungua pipa. Nilipiga kelele ili nisijisikie. Yeye akasema tu, "Labda ni mimi, shemeji. Labda sikuosha vizuri." Aliyekuwa ameonja maji.

"Hukumu," likasema jiwe.

Mama akiki akaingia na lile daftari langu. Akasoma ukurasa wa kwanza, mstari uliopigiwa mstari. Kisha akasema hukumu ni kidole gumba cha mkono wa kulia kisuguliwe hatua zote nne, ili kisije kikabeba chembe tena.

"Na kujaza pipa?" nikauliza, kwa sababu sheria ni sheria. "Mimi na kidole hatufiki theluthi mbili."

"Tutakaa pamoja nawe," akasema.

Wakaja. Abiria wote wa stesheni, wa darini na wa chini, na mabegi yao, na yule mtoto mweupe na mama yake. Hondohondo akaja akipapasa njia kwa mdomo, akakaa kulia kwangu. Jiwe la kijani likaingia kwenye kiganja changu. Chembe naye akaja, akawekwa kwenye wiki ya kwanza, ambako ndiko kwao. Nilijazwa huku na huku. Pipa likaanza kuzunguka.

Haikuuma. Nilidhani ingeuma, lakini ilikuwa ni kugusana tu, bega kwa bega, siku baada ya siku, huku mawe yakiongea habari zao za kawaida: mvua za mwaka huu, jamaa aliyekatwa akawa hereni. Mtu mmoja nyuma yangu aliniuliza kama nina watoto. Nikasema hatukujaliwa. Akasema pole, akanisogezea kidogo begi lake niegemee. Kila wiki ilipoisha tulioshwa kwa maji ya bomba, mara saba, na nilitamani wiki ya nne isifike.

Ikafika. Unga mweupe ukanyunyizwa. Mtu akapiga filimbi ya treni.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Barazani pipa lilikuwa linazunguka na vigae vyake, kwarakwara, kama kawaida yake. Nilikuwa kitandani, na shuka, na kandambili chini, moja imeangalia mlango. Nikachukua simu kutazama saa. Nikaweka kidole gumba mahali pake.

Simu ikaandika kwamba kidole hakitambuliki.

Nikakifuta kwenye shuka, nikajaribu tena. Hakitambuliki. Mara ya tatu ikaniambia nisubiri.

Nikakiinua kidole machoni. Mitaro haikuwepo. Ngozi ilikuwa laini kabisa, inang'aa, na katikati yake niliona kitu kidogo kinachometameta. Nikavaa miwani. Lilikuwa dirisha langu, dogo kama punje ya mtama, na nondo zake tatu, na nyuma ya nondo ukuta wa uani, na juu ya ukuta shati la Elikana limeanikwa kwenye kamba ya upande wao. Ndivyo Elikana alivyokuwa akipima jiwe siku zote. Akishalisugua kwa ukucha analiinua kwenye mwanga, na likiwa limeiva husema neno moja tu: dirisha linaonekana.

Nikazima pipa. Nikatoa jiwe la kijani kwenye kopo la maziwa. Nikachukua patasi na nyundo, nikaenda ukutani, nikaanza kugonga pale nilipoziba. Tope la pipa ni gumu, sikutegemea. Nilipigapiga mpaka bega likauma, lilelile la ndotoni. Upande wa pili nilisikia hatua za ndala zikija, zikasimama. Hazikuondoka. Mwisho patasi ikazama, na ukatokea ufa wa kupita kidole kimoja.

 Nilimsikia anavyopumua kwa pua, kama anavyofanya akipima mbao.

Halafu sauti ya Elikana, ya chini, ikapita kwenye ufa baada ya miezi minane.

"Umeosha mikono?"

Jibu lake nalijua. Nimelijibu mara mamia. Lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Siku ile sikuosha," nikasema. "Nililifungua ulipokwenda kwaya. Ni mimi, shemeji. Wewe uliosha. Ni mimi."

 Kuku wa jirani alipita na vifaranga vyake nyuma yangu, wakapita wote.

"Leta nione," akasema.

Sikumuuliza aone nini. Nikapitisha kidole gumba kwenye ufa. Nikahisi ukucha wake ukipita juu yake, ukaenda, ukarudi, polepole, kama anavyofanya kwa kila jiwe. Kisha vidole vyake vikakishika, havikukiachia.

"Dirisha linaonekana," akasema shemeji.  "Sasa lete la dada."